Ua Lako Halijafa, Wacha Kuliua

Wasee, leo nina jambo moja na sitazunguka mbuyu. Haibiskasi nyingi zinazokufa ndani ya nyumba za watu huko majuu haziuliwi na baridi. Zinauliwa na mapenzi. Mtu anaona majani yanaanguka, roho inaruka, anachukua jagi la maji anamwaga. Kesho yake mbolea. Keshokutwa analitoa ua dirishani analipeleka kando ya hita, halafu jikoni, halafu analirudisha dirishani. Kufika Desemba mizizi imeoza, na mwenye ua anaandika ati baridi ya huko imemfanyia noma. Zii. Hiyo baridi ilikuwa nje ya mlango. Ndani kulikuwa na yeye na lile jagi lake.

Kiswahili nacho kina utani wake. Ua ni lile linalochanua. Ua pia ni ule uzio unaozunguka boma. Na ukitaka kumwamrisha mtu amalize uhai wa kitu, unamwambia "ua!" Herufi mbili, mambo matatu, na haibiskasi imeyapitia yote. Hapa kwetu ni ua. Watu wengine wameipanda kwa mstari ikawa ua wa nyumba. Ikivuka bahari, watu wanaiua.

Najua mtu ashaanza kuniuliza, "Kwani wewe ni nani wa kutufunza mimea?" Swali poa. Niliacha chuo mwaka wa pili na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini kuacha chuo si kuacha kusoma. Vyuo vikuu vya Marekani vina idara za ugani zinazoandika maelezo ya bure kwa watu wa kawaida, jinsi ya kutunza mmea huu na ule, na bando la usiku linatosha kuyasoma. Kwa hivyo ndiyo, sina digrii. Na haibiskasi haina shida na hilo. Digrii pekee inayoijali ni 10, za kipimajoto. Tutafika hapo.

Na kabla hujasema hii stori haikuhusu kwa sababu uko Kasarani au Nyali na theluji unaionanga kwa sinema tu, fungua grupu ya familia kwenye WhatsApp uhesabu. Nani yuko Minnesota? Nani yuko Toronto? Nani alienda Ujerumani juzi? Kila mwaka kuna mtu wa mbogi anapelekwa JKIA na matatu nzima ya watu wanaolia. Wengine wenu mnaosoma hii mnangoja viza. Siku moja, katika keja fulani yenye joto la mashine, utaona haibiskasi ikiuzwa kwenye supamaketi mwezi wa Mei, utaikumbuka ile ya nyumbani, na utainunua. Hii posti ni ya huo mwaka wa kwanza.

Tuanze na ua lenyewe. Haibiskasi tunayoijua sana, ile yenye petali kubwa tano na kijiti kirefu kinachotokeza katikati kama antena, jina lake la kisayansi ni Hibiscus rosa-sinensis. Carl Linnaeus ndiye aliyeliandika jina hilo mwaka 1753, na maana yake ni waridi la China. Malaysia walilichagua kuwa ua la taifa mwaka 1960. Lina undugu na pamba na bamia. Kama unabisha kuhusu bamia, tafuta shamba la bamia asubuhi uangalie maua yake, utaona sura ya familia. Kitu cha muhimu ni hiki: ni mmea wa nchi za joto. Katika damu yake hakuna msimu unaoitwa baridi kali. Hajui. Hajawahi kuambiwa.

Hapa Nairobi, tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana ni karibu saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba. Ndiyo maana haibiskasi ya getini kwenu inachanua tu, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna mtu anaipigia makofi. Sasa peleka mmea huo huo Minneapolis. Mwishoni mwa Desemba mchana wa huko hauzidi saa 9, na jua lenyewe liko chini, linapita kando kama mtu anayekudai. Juu ya hapo, mmea umetolewa nje ukawekwa ndani, nyuma ya kioo.

Hapo kwa kioo ndipo watu wengi wanadanganywa na macho. Jicho la binadamu linajizoeza. Ukiingia sebuleni unaona kumeangaza fiti kabisa. Lakini jua la mchana huko nje linaweza kufika luksi 100,000, na chumba chenye taa nzuri za ofisini kiko kama luksi 500. Kwako wewe ni tofauti ndogo. Kwa mmea ni kama kutoka mshahara wa mwezi hadi nauli ya matatu.

Kwa sababu mwanga ndio chakula. Jani si pambo, jani ni kibanda cha biashara. Linatengeneza sukari kwa mwanga, na lenyewe linakula sukari ili liishi. Majani yaliyokua nje kwenye jua kali yalijengwa kwa jua kali. Ukiyaingiza ndani, biashara inaanguka lakini kodi inabaki pale pale. Mfanyabiashara mwenye akili anafanya nini? Anafunga vibanda visivyolipa. Ndicho ua lako linafanya Oktoba. Majani yanageuka manjano, yanaanguka, moja, kumi, mengine mengi. Wewe unaona msiba. Mmea unapunguza gharama.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu hapa ndipo kifo kinaingia. Majani ndiyo yanayovuta maji kutoka chini kwenda juu. Mmea wenye majani 10 hauwezi kunywa maji ya mmea wenye majani 200. Ukiendelea kumwaga maji kama ya Julai, udongo unabaki umelowa, nafasi ndogo za hewa zilizo ndani yake zinajaa maji, na mizizi inakosa oksijeni. Mizizi ikikosa hewa inakufa, inaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kuvuta maji. Kwa hivyo mmea unanyauka ukiwa umekaa kwenye maji. Mwenye ua akiona umenyauka, anasema, "Woi, una kiu," anaongeza maji mengine. Buda, hapo umefunga kesi.

Mbolea nayo ni hadithi hiyo hiyo. Mbolea si dawa ya hospitali. Ni vifaa vya ujenzi. Mmea usio na mwanga haujengi kitu, na chumvi za mbolea zinabaki kwenye udongo zikichoma mizizi. Na kuuhamisha kila siku? Kila mahali papya ni mwanga mpya, na mmea unaanza hesabu upya. Hata vitumba vilivyokuwa karibu kufunguka vinaanguka.

Nafika kwa sisi tunaotengeneza vidio, kwa sababu hatuna mikono safi kwenye hii kitu. Fungua TikTok utafute mimea ya ndani. Kila chumba ni cheupe, kila jani linameta, kila ua limechanua, na ni Januari. Hakuna mtu anaweka vidio ya vijiti vitupu ndani ya chungu. Vijiti havileti laiki. Wengi hawakuambii kwamba kuna taa ya kukuzia mimea inayowaka juu ya hilo ua kuanzia asubuhi hadi usiku, imefichwa nje ya picha. Hawakuambii kama ua lenyewe limenunuliwa juzi. Na yule dada amekaa kwenye chumba chake Boston na kijiti chake kitupu anajiona ameshindwa, anaongeza maji.

Hapo ndipo naona ubaya. Tumeuza picha ya kitu kinachochanua mwaka mzima, na watu wanaua mmea mzima wa afya wakijaribu kuufananisha na picha. Maoni yangu ni mafupi: haibiskasi iliyo ndani ya nyumba wakati wa baridi ina haki ya kuwa mbaya wa sura. Kazi yake miezi hiyo ni kubaki hai. Kuchanua ni kazi ya baadaye.

Nina sababu ya kuwa na hasira na hili jambo. Anti yangu yuko Minnesota, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Shosho alipofariki mwaka 2022, makaratasi ya anti hayakuwa yamekamilika, na kama angetoka asingeweza kurudi. Akaangalia mazishi kwenye simu. Binamu yangu ndiye alikuwa ameshika simu, mkono unatetemeka, mtandao unakatika pale pale jeneza linapoteremshwa. Mei iliyofuata anti akaona haibiskasi nyekundu kwenye chungu, imewekwa nje ya duka pamoja na mifuko ya udongo. Nyekundu ile ile ya iliyokuwa kando ya geti la shosho huko Thika. Akaibeba kwa basi ameikumbatia.

Oktoba akaniita usiku wa kwetu. Hakunisalimia. Akaniambia, "Majani yanaanguka. Nilishindwa kumzika mama yangu, na sasa hii nayo inanifia mikononi."

Nikamwambia, "Anti, wacha maji kwanza. Chukua kucha, ukwaruze gome kidogo tu, karibu na chini."

Kukawa kimya. Kisha akasema, "Kuna kijani."

"Basi liko hai. Limelala."

Hicho kijani chini ya gome ndicho kipimo, wasee. Kikiwa kijani na kibichi, tawi lina uhai. Likiwa kahawia na kavu, tawi hilo limekufa, lakini teremka chini ukwaruze tena kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu ncha zinaweza kufa na shina likabaki zima. Watu wanatupa mimea yenye kijani kila mwaka. Wanaitupa bila kuikwaruza hata mara moja.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza kabla baridi haijafika, na hapa ndipo ile digrii yangu inaingia. Ua likiwa nje wakati wa kiangazi cha huko, angalia utabiri wa usiku, si wa mchana. Usiku ukikaribia digrii 10, ambazo kwa vipimo vya Marekani ni 50, liingize ndani. Usingoje theluji. Barafu moja ya usiku inatosha kuharibu mmea huu wa joto.

Kabla halijavuka kizingiti, likague kama askari wa getini. Geuza majani uangalie chini yake. Inzi weupe, vidukari, utitiri wanaofuma nyuzi nyembamba kama za buibui, na vidungata, wale wadudu wanaoonekana kama vipande vya pamba kwenye vifundo vya matawi. Wote hawa nje wanakuwa na maadui wanaowala. Ndani hawana. Nyumba iliyopashwa joto hewa yake ni kavu, na utitiri wanapenda hewa kavu kuliko sisi tunavyopenda chipsi. Kwa hivyo osha mmea kwa maji, juu na chini ya majani, halafu tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya wadudu wa mimea. Ile ya kuoshea vyombo inaweza kuchoma majani. Rudia baada ya wiki, kwa sababu mayai hayaogopi sabuni ya kwanza. Na endelea kukagua msimu wote.

Baada ya hapo una njia mbili, na lazima uchague moja.

Njia ya kwanza ni kuliacha liendelee kukua polepole. Liweke kwenye dirisha lenye jua kuliko yote. Huko kaskazini ni dirisha linaloangalia kusini. Joto la kawaida la nyumba, kati ya digrii 16 na 21, linatosha. Liwe mbali na tundu la hita, na majani yasiguse kioo chenye baridi. Maji unatoa kwa kidole: ingiza kidole kwenye udongo, kama sentimita 2 au 3 za juu zimekauka, mwagilia vizuri hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yale yaliyobaki kwenye kisahani. Kama bado kuna unyevu, weka jagi chini utembee. Si kila Jumatatu. Si kila unapojisikia vibaya. Kidole ndicho kalenda.

Njia ya pili ni kulilaza kabisa. Hii ni ya wale ambao hawana dirisha la maana lakini wana ghorofa ya chini au chumba cha baridi kisichofika kwenye barafu, kama digrii 10 hadi 13. Huko mmea unaweza kuangusha majani yote ukabaki vijiti, na hiyo ni sawa. Unaupa maji kidogo sana, pengine mara moja kwa wiki tatu au nne, ili mizizi isikauke ikawa kuni. Mbolea hakuna. Mwanga mwingi hauna haja. Unachohitaji ni roho ngumu ya kupita kando ya vijiti vitupu kwa miezi bila kuvionea huruma.

Kosa linalomaliza watu ni kuchanganya hizo mbili: chumba chenye joto, giza, na maji mengi. Joto linauambia mmea ukue, giza linauambia hakuna chakula, maji yanauzamisha. Chagua upande. Mwanga ukipungua, kila kitu kingine kipungue. Hiyo ndiyo sheria nzima, na kama utasahau kila kitu hapa, beba hiyo.

Kuna watakaosema, "Nunua taa, maliza stori." Sipingi. Taa ya LED ya mimea iliyowekwa karibu na majani kwa saa 12 hadi 14 kwa siku inasaidia kweli, na ukiweka kifaa cha kujizima hutasahau. Lakini taa ni pesa, stima ni pesa, na mtu wa mwaka wa kwanza ughaibuni anayetuma doo nyumbani kila mwezi hahitaji kuambiwa kwamba bila taa ameshindwa. Taa ni ya mtu anayetaka maua Januari. Kwa uhai peke yake, dirisha na subira vinatosha mara nyingi.

Wengine watasema, "Ni mmea tu. Tupa, nunua mwingine Mei." Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote na sitaidharau. Watu wengi hufanya hivyo, na maduka yanajua. Kama kwako ni pambo la miezi minne kama maputo ya sherehe, sawa, ni pesa zako. Lakini fikiria mara mbili. Haibiskasi ni kichaka cha miti, si maua ya mkate wa harusi. Kila mwaka inaopona, shina linanenepa na matawi yanaongezeka, na mwaka wa tatu una kitu ambacho hakiuzwi kwenye lile toroli la Mei. Na kuna watu ambao hawawezi kununua nyingine, hata kama bei ni ndogo. Anti angenunua haibiskasi nyekundu ishirini. Hakuna hata moja kati yake iliyokaa naye mwaka ule.

Angalizo moja kabla hatujasonga. Hakikisha unajua una haibiskasi gani. Kuna zile zinazostahimili baridi, kama Hibiscus syriacus, ambayo ndiyo ua la taifa la Korea Kusini, na Hibiscus moscheutos ya Marekani yenye maua makubwa kama sahani. Hizo hukaa nje udongoni wakati wa theluji na kuamka zenyewe. Moscheutos hukauka hadi chini kabisa, unafikiri imeenda, halafu inachipua tena. Usiziingize kwenye sebule ya joto kuzionea huruma. Na ile ya juisi nyekundu, Hibiscus sabdariffa, ni jamaa mwingine tena, anayepandwa kwa mbegu na kuvunwa msimu huo huo. Soma kibandiko cha chungu. Ni dakika moja.

Machi ndiyo mwezi wa malipo. Mchana unarefuka, na mmea unajua kabla yako. Vifundo vinavimba, vinatoa vichipukizi vidogo vya kijani. Hapo ndipo unachukua mkasi safi. Kata kama theluthi moja ya matawi, juu kidogo ya kifundo. Najua inauma kukata kitu ulichokesha nacho miezi mitano. Kata. Haibiskasi hutoa maua kwenye matawi mapya, kwa hivyo usipokata utakuwa na vijiti virefu vyenye ua moja kule mwisho. Sasa ndipo unaanza mbolea, pole pole. Wakuzaji wengi wa haibiskasi huchagua yenye potasiamu ya kutosha na fosforasi kidogo. Maji nayo yanaongezeka kadiri majani yanavyoongezeka.

Usikimbie nalo nje siku ya kwanza ya jua. Ngoja hadi usiku uwe juu ya digrii 10 kwa uhakika, na Minnesota hiyo mara nyingi ni mwisho wa Mei au Juni. Majani yaliyozaliwa ndani ya nyumba hayajui jua, yanaungua na kuwa na madoa meupe. Lipe kivuli kwanza, saa chache, uongeze kila siku kwa wiki moja hadi siku 10.

Na sisi wa hapa? Hatuna theluji, lakini tuna Julai. Usiku wa Nairobi mwezi huo unaweza kushuka karibu na hizo hizo digrii 10, na kule Limuru ni zaidi. Haibiskasi iliyopandwa ardhini itanuna kidogo, itapunguza maua, itaendelea na maisha. Shida yetu kubwa ni bedsita. Dirisha moja, na mbele yake kuna ukuta wa ploti ya jirani, mita moja na nusu. Unanunua haibiskasi kwa wauza miche wa Ngong Road ikiwa imechanua, unaiweka kando ya runinga ipendeze kwenye vidio, na wiki ya tatu inaangusha majani kama iko Minnesota. Kwa mmea ni Minnesota. Giza ni giza.

Dawa ni ile ile. Ipeleke kwenye balkoni, kwenye paa la kuanikia nguo ukielewana na keateka, au hata nje ya mlango kama hakuna mtu wa kuiba. Kama lazima ikae ndani, kumbuka kwamba Juni na Julai jua letu liko upande wa kaskazini, na Desemba liko kusini, kwa hivyo dirisha lililokuwa na jua Krismasi huenda halina kitu Julai. Na maji yafuate mwanga. Usifuate kapsheni ya mtu.

Sitaki kugeuza mmea uwe mahubiri. Lakini nitasema hili kwa sababu naishi nalo. Tangu niache chuo, kila sherehe ya familia kuna mjomba ananiuliza lini nitachanua. Hawaulizi kama niko hai. Nimezoea, sina kinyongo. Ila nimejifunza kumwangalia mtu, na chungu cha maua, na kuuliza swali la kwanza kabla ya la pili: kuna kijani hapo chini? Kama kipo, tunaweza kungoja.

Anti alingoja. Novemba vijiti, Desemba vijiti, Januari huko nje kuko chini ya digrii -10 usiku na ndani ni vijiti. Majirani wa nyumba moja naye walimwambia atupe. Machi alikata matawi akinipigia simu ya vidio ili nione kama anakata mahali sawa. Mwisho wa Mei ua la kwanza likafunguka. Alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku, na alipoamka jioni lilikuwa linajifunga, kwa sababu maua mengi ya haibiskasi huishi siku moja tu. Nilidhani atalia. Akaniambia, "Si neno. Nimehesabu vitumba, viko vinne."

Kwa hivyo wewe uliye huko, na wewe ambaye binamu yako yuko huko: kabla ya kumwaga maji mengine, kabla ya kulipeleka ua kwenye pipa la takataka, toa kucha ukwaruze gome. Halafu weka jagi chini, na ungoje Machi.